Shina refu, kofia ndogo: mwongozo kamili wa kufunga feni na mabomba ya hewa kwenye banda la uyoga

Malalamiko ya wakulima wa uyoga mamama (oyster) hayabadiliki. Mbegu ilikuwa nzuri, utando mweupe ulijaa mfuko mzima, vichipukizi vikatokea kwa wingi, halafu uyoga ukatoka na shina refu jembamba na kikofia kisichozidi kifungo cha koti. Sokoni haununuliwi. Mkulima anaongeza maji, anabadilisha muuza mbegu, anabadilisha vimeng'enywa (malighafi ya kuoteshea uyoga), na mzunguko unaofuata unatoka vilevile.

Mara nyingi kinachokosekana ni hewa. Uyoga hupumua kama sisi, unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, usiku na mchana. Ndani ya banda lililozibwa ili unyevu usitoke, hewa ukaa hurundikana. Hewa ya nje ina hewa ukaa karibu sehemu 420 kwa kila milioni. Mamama ukiwa unatoa vichwa unataka isizidi 1,000. Ikipanda zaidi ya hapo, shina hurefuka kuitafuta hewa safi na kofia hudumaa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mwanga. Giza nalo hurefusha shina. Kama mchana huwezi kusoma gazeti ndani ya chumba cha kuvunia, weka dirisha la nailoni nyeupe au taa kwanza. Mwanga ukiwepo na shina bado ni refu, endelea na mwongozo huu.

Nimepiga hesabu zote kwa chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5. Ndicho kipimo cha mabanda mengi ya nyumbani. Chako kikiwa tofauti, hatua ya kwanza inakuonyesha pa kubadilisha.

## Vifaa vya kuandaa

- Feni ya bomba ya inchi 6, ile inayochomekwa katikati ya bomba na kusukuma hewa kwa nguvu
- Bomba la PVC la inchi 6 (milimita 160), mita 2, na elbo moja
- Nailoni ya mrija, upana wa inchi 10 ikiwa imelazwa, mita 4 hadi 5. Ni ileile inayouzwa kwa rola kwa ajili ya kukatia mifuko
- Mbao za inchi 2 kwa 2 za kutengeneza fremu ya chujio
- Pamba ya mito, ile ya nyuzi za plastiki
- Wavu wenye matundu madogo kuliko chandarua. Ukikosa, chandarua tabaka mbili zilizopishanishwa
- Taima ya kuzungusha yenye vipini vya dakika 15
- Breka ya RCD (inayokata umeme unapovuja) ya miliampia 30, soketi ya nje yenye kifuniko, waya wenye ethi
- Silikoni, selotepu pana, mikanda ya kubana mabomba, vipande vya mpira wa tairi la baiskeli
- Kipima joto na unyevu
- Vijiti vya udi, paketi moja

Kipima hewa ukaa ni kizuri lakini si lazima. Ukinunua, kitoe nje kwanza: kinachofaa kitasoma kati ya 400 na 480 hivi. Vile vya bei ya chini kabisa vingi havipimi hewa ukaa yenyewe, hukisia kutokana na harufu na mvuke, na ndani ya banda lenye unyevu vitakudanganya.

Usinunue pangaboi wala feni ya mezani kwa kazi hii. Zinazungusha hewa ileile chafu. Usinunue pia feni ndogo za kompyuta ukidhani nne zitatosha. Zinasukuma vizuri kwenye uwazi, lakini ukiziwekea chujio mbele zinazunguka bila kupitisha kitu cha maana. Nimeziona zimefungwa kwenye mabanda mengi, na karibu kila mara mkulima anaamini tatizo la hewa alishalimaliza.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya hewa

Zidisha urefu kwa upana kwa kimo: 3 × 4 × 2.5 = mita za ujazo 30.

Chumba cha mamama wanaotoa vichwa kinahitaji hewa yote ibadilishwe mara 4 hadi 8 kwa saa. Chukua 6: 30 × 6 = 180. Hivyo unahitaji mita za ujazo 180 zinazoingia kweli kila saa.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni imepimwa bila kizuizi chochote. Ukishaweka chujio, bomba na kona, inapungua kwa theluthi hivi. Kwa hiyo zidisha hitaji lako kwa 1.5: 180 × 1.5 = 270. Usinunue feni iliyoandikwa chini ya hapo. Boksi likitumia vipimo vya CFM, zidisha namba hiyo kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Feni nyingi za inchi 6 huandikwa 400 na kuendelea. Hiyo ziada si hasara. Itakuwezesha kuiwasha kwa zamu badala ya kuikesha, na siku ya mavuno makubwa utakuwa na nguvu ya akiba. Feni ya inchi 4 ingelazimika kupitisha hewa hiyohiyo kwenye tundu lisilofika nusu ya lile la inchi 6, na inapiga kelele huku hewa ikienda kidogo.

Chumba cha 2 × 3 × 2.2 kinahitaji 13.2 × 6 × 1.5, yaani 119 hivi, na hapo inchi 5 inatosha. Banda la 6 × 10 × 3 linafika 1,620. Kwa hilo funga feni mbili, maana moja ikifa usiku nyingine inaokoa mzigo.

Angalizo: hewa ukaa inatoka kwenye mifuko, haitoki kwenye kuta. Kama umebananisha mifuko hadi mkono haupiti katikati yake, tumia 8 badala ya 6.

## Hatua ya 2: Amua hewa iingie wapi na itoke wapi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Wengi hufunga feni ya kuvuta hewa itoke nje. Mimi nasema isukume hewa iingie, kwa sababu mbili.

Ukivuta hewa kutoka ndani, chumba kinanyonya kupitia kila ufa: chini ya mlango, kwenye mapengo ya bati, kwenye kona ya dirisha. Vumbi, inzi wadogo na ukungu wa kijani wanaingia bila kupita kwenye chujio. Ukisukuma, hewa inatoka kwenye nyufa badala ya kuingia, na yote inayoingia imechujwa.

Sababu ya pili ni uhai wa feni. Ndani mna unyevu wa asilimia 85 hadi 95 na spora, lile vumbi jeupe la uyoga, ambalo hushika kwenye mapanga na kuingia kwenye mota. Feni inayosukuma inakaa upande wa hewa kavu na safi.

Chagua ukuta wenye kivuli kwa ajili ya kuingizia, usawa wa mita 1.8 hadi 2 kutoka chini. Usivute hewa ya chini ya bati lililopigwa jua. Epuka upande wenye banda la kuku, choo, jiko la kuni, barabara ya vumbi, na zaidi ya yote rundo la mifuko iliyokwisha kuvunwa. Rundo hilo ni kiwanda cha inzi na ukungu. Lihamishe mbali kabla hujashika drili.

Matundu ya kutolea yakae ukuta wa mkabala, sentimita 20 hadi 30 juu ya sakafu. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na kwenye chumba kilichotulia hukaa kwa wingi kati ya mifuko ya chini. Hewa safi ikiingilia juu na kutokea chini upande wa pili, inalazimika kupita kwenye mifuko yote.

## Hatua ya 3: Ziba chumba kwanza

Feni haiwezi kushindana na paa lenye mapengo. Ziba sehemu ambazo bati linakutana na ukuta, nyufa za udongo, na chini ya mlango weka kipande cha mpira. Kama banda halina dari, tandika nailoni ngumu juu kama dari, ukiiinamisha kidogo upande mmoja ili matone ya mvuke yateleze ukutani yasidondokee mifuko.

Ingia ndani mchana, funga mlango, zima taa, subiri macho yazoee giza. Kila mahali unapoona mwanga kama mstari, ziba.

## Hatua ya 4: Toboa na weka bomba la kuingizia

Chora duara kwa kutumia bomba lenyewe kama kipimo. Kwenye tofali, toboa vitundu vingi kufuata mstari kisha gonga katikati. Kwenye ukuta wa mbao au mabanzi, msumeno mwembamba unatosha.

Ingiza bomba likiwa limeinama kidogo kuelekea ndani, sentimita moja kwa kila nusu mita. Mvuke ukiganda ndani yake, maji yaelekee chumbani yasirudi kwenye feni iliyo nje. Ziba pembeni kwa saruji au silikoni.

Elbo moja inatosha, na itazame chini kwa nje ili mvua isiingie. Kila kona ya nyuzi 90 hula nguvu ya feni kama vile umeongeza mita kadhaa za bomba. Kama umelazimika kutumia bomba la kukunjika la alumini, livute linyooke kabisa. Mikunjo yake ndiyo inayokwamisha hewa.

## Hatua ya 5: Tengeneza sanduku la chujio

Chujio likae nje ya chumba, mbele ya feni, mahali pakavu penye paa.

Tengeneza sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 60 mbele, kina sentimita 30. Uso wa mbele uwe wazi. Nyuma toboa tundu la bomba la inchi 6. Kwenye uso wa mbele kaza wavu, weka tabaka la pamba ya mito la unene wa sentimita 2 hadi 3, kisha wavu mwingine juu yake. Fremu ya uso huo ifungwe kwa skrubu nne, usipige misumari, kwa sababu utaifungua mara nyingi.

Ukubwa huo una maana. Hewa ikipita kwenye eneo pana inapita polepole, vumbi linanasa, na feni haichoki. Chujio la ukubwa wa bomba lenyewe huziba ndani ya siku chache.

Pamba iwe ya plastiki kwa sababu pamba ya shambani hunywa maji na kuota ukungu, na hapo chujio lako linakuwa linapulizia ukungu ndani. Chandarua cha tabaka moja peke yake hakitoshi: inzi wa uyoga ni wembamba kiasi cha kupenya matundu yake. Chujio hili halizuii kila kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kwa chumba cha kuvunia linatosha. Chumba cha kupandia mbegu ni habari nyingine, na feni hii isiingizwe humo.

Utajua umefaulu ukiwasha feni na kuweka karatasi laini ya chooni kwenye uso wa chujio: inashika yenyewe kwenye kila kona ya fremu, na kwenye maungio ya sanduku haivutwi. Ikivutwa kwenye maungio, hewa inaingia bila kuchujwa. Paka silikoni.

## Hatua ya 6: Funga feni

Feni ikae kati ya sanduku la chujio na ukuta, mshale uliochorwa kwenye mwili wake ukielekea chumbani. Angalia mshale huo mara mbili kabla ya kubana.

Usiikaze moja kwa moja kwenye ukuta wala kwenye mbao za paa. Ining'inize kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli na unganisha na mabomba kwa mikono mifupi ya mpira iliyobanwa kwa mikanda. Mtikisiko hulegeza skrubu, hufungua silikoni, na nyumba yenye bati huunguruma usiku kucha hadi jirani aje kugonga mlango.

Hakikisha unaweza kuitoa feni bila kuvunja kitu. Utaitoa kwa usafi.

## Hatua ya 7: Mrija wa nailoni wa kusambaza hewa

Ukiishia kwenye bomba ukutani, mifuko iliyo mbele ya bomba itakauka na ile ya kona ya mbali itakosa hewa. Mrija ndio unaogawa.

Nailoni ya inchi 10 ikifunguka inakuwa mrija wa kipenyo cha sentimita 16, inaingia barabara kwenye bomba la milimita 160. Kata mita 3.6. Upande mmoja uvalishe kwenye bomba na ubane kwa mkanda. Upande wa mwisho kunja mara mbili na ufunge kwa kamba. Tandaza waya imara chini ya dari, juu ya njia ya katikati, na uning'inize mrija kwa vipete kila nusu mita.

Matundu: 20 kila upande, kila moja kipenyo cha milimita 25, umbali wa sentimita 18 kati yake. Hesabu yake ni hii: jumla ya matundu yote 40 iwe sawa na upenyo wa mrija wenyewe. Yakizidi sana, hewa yote inatokea kwenye matundu ya mwanzo na mwisho wa mrija unalala. Yakipungua sana, hewa inatoka kwa kasi na kukausha.

Tumia kipande cha bomba la chuma la kipenyo hicho, kilichopashwa moto, kuunguza tundu. Mviringo uliounguzwa una ukingo mgumu. Tundu lililokatwa kwa wembe huanza kuchanika kwa mtikisiko wa hewa. Fanyia kazi hii nje, moshi wake si wa kuvuta.

Matundu yatazame ubavuni, juu kidogo kuelekea dari. Yasitazame mifuko kamwe. Unataka hewa igonge dari, ichanganyike na unyevu wa chumba, ndipo ishuke kwa upole.

Feni ikiwaka, mrija wote hutuna na kubaki mviringo hadi kwenye fundo la mwisho. Pitisha kiganja chini ya tundu la kwanza na la mwisho: nguvu ziwe karibu sawa. Mwisho ukiwa dhaifu, ziba kwa selotepu tundu moja kati ya kila matatu kwenye nusu ya mwanzo.

## Hatua ya 8: Matundu ya kutolea

Toboa mawili, sentimita 15 kwa 15, kwenye ukuta wa mkabala. Weka wavu kwa ndani. Kwa nje ning'iniza kilango cha nailoni ngumu, kimeshikwa juu tu, chini huru.

Feni ikiwaka kilango kinanyanyuka. Ikizima kinajifunga, na inzi hawana njia. Matundu yasiwe makubwa zaidi ya hapo, maana chumba kinatakiwa kishikilie msukumo kidogo ili nyufa zisalie za kutolea hewa tu.

Hewa inayotoka hapa imebeba spora. Isielekee dirisha la chumba cha kulala wala upande wa chujio lako.

## Hatua ya 9: Umeme na taima

Hapa mwite fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Sakafu ya banda la uyoga ina maji muda wote na wewe unaingia na ndala. Shoti humo haimpi mtu nafasi ya pili.

Soketi, taima na breka vikae nje ya chumba, mahali pasipofikiwa na maji ya kunyunyizia. Ethi iwe ya kweli, na breka ya RCD ijaribiwe kwa kitufe chake kila mwezi. Waya wa feni ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji linaloteleza juu ya waya lidondoke lisiingie ndani.

Anza na dakika 15 kuwaka, dakika 15 kuzima, mchana na usiku. Feni ya inchi 6 iliyoandikwa 400, inayopitisha 270 hivi kwa saa baada ya chujio, huingiza mita za ujazo 67 hivi kila zamu, zaidi ya mara mbili ya hewa yote chumbani. Feni ya wati 60 kwa mpangilio huo hutumia karibu uniti 22 kwa mwezi.

Taima ya kuzungusha husimama umeme ukikatika na saa yake kuchelewa. Kwa zamu za 15 kwa 15 hilo halina madhara.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa udi, chumba kikiwa kitupu

Usiingize mifuko kabla ya jaribio hili.

Washa feni, funga mlango, subiri dakika tano. Washa kijiti cha udi. Simama kwenye njia ya katikati ukishike kimo cha kifua, uangalie moshi. Kisha upite nacho kwenye kila chanja, juu, kati na chini, na kwenye kona nne za chumba.

Mahali mifuko itakapokaa, moshi unatakiwa ujongee taratibu, ukipinda na kuelekea upande wa kutolea. Ukilazwa na kufutika papo hapo, hapo kuna upepo mkali na vichipukizi vitakauka: zungusha mrija kidogo au ziba tundu lililo karibu. Ukipanda wima kama uzi na kuganda juu, hapo hewa imekufa. Mara nyingi chanja imesukumwa hadi ukutani. Ivute, acha nafasi ya sentimita 15 nyuma yake.

Mwisho peleka kijiti kwenye mlango na nyufa. Moshi usukumwe nje. Ukivutwa ndani mahali popote, ama feni imefungwa kinyume ama chujio limeziba.

## Kulinda unyevu feni ikifanya kazi

Hofu ya wengi ni kwamba feni itakausha banda. Itakausha kweli kama hutabadilisha namna ya kumwagilia. Lengo ni asilimia 85 hadi 90 kwenye kipima unyevu kilichoning'inizwa kati ya mifuko. Kisikae karibu na mlango.

Sakafu ya mchanga au tofali iliyoloweshwa asubuhi na jioni hufanya kazi kubwa. Magunia mabichi ukutani huongeza. Nyunyiza ukungu wa maji hewani feni ikiwa imezima, kisha iache iwake zamu inayofuata. Maji yanayokaa juu ya kofia kwa saa nyingi huleta madoa ya njano na utelezi wa bakteria.

Usiloweshe chujio kwa nia ya kupooza hewa. Maeneo makavu kama Dodoma unaweza kuning'iniza magunia mabichi nje, hatua moja mbele ya chujio, yasiliguse. Pwani njia hiyo haileti ubaridi wa maana, kwa sababu hewa ya Dar es Salaam au Mombasa tayari imejaa mvuke. Huko nguvu yako iweke kwenye kivuli na kwenye kuchagua mbegu ya mamama inayostahimili joto.

Nyanda za juu, Njombe, Mafinga au Limuru, usiku wa baridi punguza iwe dakika 15 kuwaka na 30 kuzima. Usiingize jiko la mkaa kupasha chumba moto. Moshi wake huharibu uyoga, na gesi yake haina harufu na inaua mtu ndani ya chumba kilichozibwa, akiwa bado anafikiri amechoka tu.

## Soma uyoga, urekebishe taima

Mpangilio wa 15 kwa 15 ni wa kuanzia. Kuanzia vichipukizi vinapotokea hadi kuvuna ni siku tatu hadi tano hivi, na uyoga wenyewe utakuambia kila asubuhi.

Shina refu, kofia ndogo zilizopinda juu kama tarumbeta. Hewa haitoshi. Ongeza iwe dakika 30 kuwaka, 15 kuzima. Uyoga uliokwisha kurefuka hautarudi, angalia wimbi linalofuata.

Manyoya meupe chini ya shina. Hewa imetulia sana hapo. Mara nyingi ni chanja za chini tu, na dawa yake ni kusogeza mifuko iachane, kabla ya kugusa taima.

Vichipukizi vingi vinavyogeuka njano na kunyauka vikiwa kama njegere. Upepo unavipiga au unyevu umeshuka. Rudi na kijiti cha udi mahali hapohapo kabla ya kupunguza hewa ya chumba kizima.

Kofia zenye nyufa na kingo ngumu. Unyevu uko chini. Ongeza maji sakafuni, hewa iache ilivyo.

Uyoga mzuri mwanzo wa mrija, mbaya mwisho. Tatizo ni mgawanyo. Rekebisha matundu.

Kofia ya mamama iliyopata hewa ya kutosha ni pana, nene, ukingo wake umejikunja chini kidogo, na shina fupi linaegemea ubavuni. Vuna kabla ukingo haujanyooka. Ukichelewa, spora zinajaa chumbani, na ukizivuta kila siku zinaleta kikohozi na homa vinavyochosha mapafu. Vaa barakoa wakati wa kuvuna, na washa feni dakika 15 kabla hujaingia.

Wakati mifuko bado inajaza utando, haihitaji haya yote. Utando hustahimili hewa ukaa nyingi kuliko vichwa. Kama una chumba kimoja tu, weka feni dakika 15 kila saa mbili hadi vichipukizi vya kwanza vionekane, ndipo uanze zamu kamili.

## Umeme ukikatika

Saa moja au mbili haziharibu kitu. Zaidi ya hapo, hasa mifuko ikiwa imejaa vichwa, nyanyua vilango vya kutolea kwa mkono na ufungue dirisha la juu lenye wavu. Joto la mifuko litapandisha hewa yenyewe, japo polepole.

Kwa anayevuna kwa biashara, betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 pamoja na inveta itaendesha feni ya wati 60 kwa zamu za 15 kwa 15 karibu saa 12, bila kuimaliza betri zaidi ya nusu. Inveta iwe ya mawimbi laini (pure sine wave). Zile za bei rahisi hufanya mota iungurume na kupata moto.

## Usafi

Fungua chujio kila wiki mbili. Likiwa la kijivu, fua pamba kwa sabuni, anika juani hadi ikauke kabisa, rudisha. Kuwa na pamba ya pili tayari ili chumba kisikae bila chujio wakati ya kwanza inakauka.

Kila mwezi zima breka, toa feni, futa mapanga kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Panga moja likibeba uchafu kuliko mengine feni huanza kutetemeka na beringi hufa mapema.

Kila mzunguko wa mifuko ukiisha, tupa mrija wa nailoni uweke mpya, futa bomba kwa jiki iliyochanganywa na maji, osha wavu wa kutolea kwa brashi, na uwashe feni mfululizo kwa siku nzima mlango ukiwa wazi hadi kuta zikauke. Ndipo uingize mifuko mingine.